Ng'ombe Aliyehama Homa Bay

Mpendwa Mama Akoth,

Hakuna kona ya Homa Bay nisiyoijua. Haya, acha kucheka. Naijua gati, naijua hospitali, na mahali pengine pamoja nisipopataja, bibi yako asije akasoma. Basi.

Watu hushangaa mzee mzima wa Migori kumwita mjukuu wake mama. Shauri yao. Ulipewa jina la mama yangu, ukachukua na mdomo wake.

Unakumbuka mwaka jana, ulipoenda Homa Bay peke yako kutafuta duka la kushona ulikoitiwa kazi? Nilikuchorea ramani nyuma ya kalenda. Tukapatana: ukinipigia kuuliza njia, utanikata kucha za miguu. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Kwara, umeandika nikate kulia penye ng'ombe amelala."

"Ndiyo. Yule mwekundu."

"Ng'ombe amehama, Kwara!"

"Alikuwa hapo."

"Lini?"

Nikakata simu. Ilikuwa kabla hujazaliwa.

Ukamwonyesha ramani mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki. Akacheka mpaka akashika meza. "Nyathina, mwanangu, huyu mzee alikuja mjini mara ngapi? Ngoja nifunike sufuria, twende." Jioni ulirudi na kazi, na samaki ngege aliyefungwa kwenye gazeti, na ramani yangu umeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama yule mwalimu niliyemtoroka darasa la nne. Ng'ombe ulimpiga mstari kabisa.

Sasa umejinyima mwaka mzima uende kuutembea mji wa Mwanza, mji usio na ndugu hata mmoja, na siku ya tatu unaniandikia kwamba ziwa linaonekana vizuri dirishani. Dirishani! Ziwa hilo hilo liko hapa kwetu Muhuru Bay, tena bure. Eti unaogopa kutoka kwa sababu wenyeji watacheka Kiswahili chako cha Migori. Si wacheke! Yule mama wa samaki naye alianza kwa kucheka.

Ningekuchorea ramani, lakini hata mpaka wa Tanzania sijawahi kuuvuka. Wewe ndiye wa kwanza kwetu, na huku kwa jirani nimeshajisifu. Usiniaibishe. Kesho vaa viatu, toka, potea kidogo, uliza.

Halafu rudi. Zile kucha ulizikwepa mpaka asubuhi ya safari, ukakata za mguu wa kushoto, basi likapiga honi. Mguu wa kulia bado, na kiatu kimekataa kuingia.

Ni mimi, babu yako na mtoto wako,
Kwara