Ubao wa Madumu Sita na Nusu

Kigamboni, Jumapili baada ya ibada (nilienda, usiulize)

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza na mpaka leo wa pekee,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea hapa hapa kabla barua haijafika, maana najua utaitikia huku unasonya. Goti la kushoto limetulia? Yule jogoo mgomvi bado anakufukuza uani, au mmeshamla? Mie mzima kama chuma. Nimekuwa mweusi kuliko chungu chako cha maharage na mabega yamepanuka, ukiniona utataka harusi irudiwe. Neema, mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma: soma yote kwa sauti, usirukeruke kama ulivyoifanyia ile ya Pasaka. Bibi hajui kusoma lakini urefu wa karatasi anaujua.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniuliza "umekula?" mara nne halafu unakata. Ishu ya leo haitaki kukatwa. Baba mdogo, huyo kitinda mimba wako, amenitumia ujumbe: mavuno yameingia, mashine yake ya kusaga inataka mtu wa kudumu, na nafasi yangu ataniwekea mpaka mwisho wa mwezi huu tu. Anasema wewe ulimpa neno kwamba nitarudi. Najua ulimpa. Hata mie siku ile ya kuondoka ulinishika sikio, ukasema: "Nenda ukaone mji, lakini msimu wa kusaga ukifika nikukute umesimama hapa." Sasa kabla hujamjibu, msikilize kwanza mumeo anafanya nini huku.

Unakumbuka nilifikia Chang'ombe kwa fundi wa kuchomelea mageti. Nilikuwa nachomelea vizuri, usimsikilize mtu. Siku moja fundi akanituma huku Kigamboni, ng'ambo ya bandari, nikatengeneze kichanja cha chuma cha kuwekea mbao za michezo ya baharini. Mwenye mahali anaitwa Bi Salha, mama wa Kiarabu wa hapa hapa, ukoo wao ni wa wenye maduka tangu zamani. Anakaa kwenye kiti chake chini ya turubai na baibui lake, baharini haingii hata kidole cha mguu, lakini hakuna kinachotokea kule asichokiona. Basi nikawa nimeinama nachomelea, nikainua kioo cha usoni, nikaona binti anapita juu ya maji. Sijasema ndani ya maji, Bibi. Juu.

Huo mchezo wanauita wingfoili. Unasimama kwenye ubao. Mikononi umeshika bawa kubwa la kitambaa, ukingo wake wa mbele umejazwa upepo kwa pampu mpaka ukawa mgumu kama tairi. Chini ya ubao kuna mguu mrefu kama mpini wa jembe, na mwisho wa mguu, humo ndani ya maji, kuna mabawa mengine madogo. Upepo ukishika bawa la juu, ubao unakimbia. Ukikimbia vya kutosha, yale mabawa ya chini yanaubeba, ubao wote unapanda hewani usawa wa goti, na wewe uko juu yake. Hakuna injini, hakuna mafuta, hakuna kelele. Neema, kama Bibi anaguna, mwambie sijalewa.

Yule binti ni Zuhura, mtoto wa Bi Salha, ndiye anayefundisha wateja. Usianze maneno yako. Ana mchumba Tanga, kusi, huu upepo wa msimu, likikatika anaolewa na kuhamia huko, na mie nina wewe.

Kichanja kikaisha, mie sikuondoka. Nikamwambia Bi Salha, hicho kitu mie najifunza kwa siku mbili. Akanitazama kama anatazama embe lililotobolewa na ndege.

"Wewe umejifunzia wapi kuogelea?"

"Kwenye lambo, kwetu Singida."

"Pamoja na ng'ombe?"

"Pamoja nao. Nilikuwaga nawashinda."

Hakucheka, ila aliacha kuangalia simu yake. Akanipa masharti. Zuhura akiondoka atahitaji mtu wa kufundisha wanaoanza. Mie nifagie, nipampu mabawa, nioshe vyombo vya wateja. Wateja wakiondoka na maji yakiwa bado yamejaa, nijifunze. "Siku utakayotoka hapa kwenye hii bendera, ukalizunguka lile boya, ukarudi kwenye bendera hii hii bila kuvutwa na boti, kazi ni yako. Kusi likikatika hujaweza, rudi kwenye mageti. Sasa ingia stoo uchague vyombo vya kujifunzia. Mara moja tu. Sitaki mtu wa kubadilisha badilisha kama anachagua khanga."

Stoo kulikuwa na mbao mbili zilizokwishatumika. Mmoja mdogo, mweusi, una mistari myekundu, ukiutazama tu unasikia watu wanakushangilia. Wa pili mpana, mnene, umejaa mikwaruzo, wenyewe wanauita mlango. Kila ubao umeandikwa namba: mweusi lita sabini na tano, mlango lita mia na thelathini.

Bibi, mie mtoto niliyelelewa na dumu kichwani, nikiona neno lita najua ni maji, na najua yatabebwa na nani. Nikajua hayo ndiyo maji ambayo ubao unayanywa ukishaingia baharini. Nikapiga hesabu haraka: mia na thelathini ni madumu sita na nusu! Nani asukume madumu sita na nusu kwa upepo? Nikawaona watu wa mjini wapumbavu.

"Chukua mlango," Zuhura akasema.

"Mlango nikafungie chumba cha nani?"

"Huo mweusi ni wa watu wanaojua tayari. Utazama wewe."

"Sista, tafuta mwingine wa kuzama."

Nikabeba mweusi. Mabawa ya chini nikachagua membamba kama mundu, kwa sababu yalifanana na mwendo kasi. Bawa la juu nikachukua kubwa kuliko yote, maana hilo limeandikwa mita, na mita hazibebwi kichwani. Kofia ngumu na jaketi la kuelea nilitaka kuviacha, Bi Salha akasema bila kofia, bila jaketi, na bila ile kamba ya kukufunga na ubao, nisiyaguse maji yake. Maji yake! Lakini nilivaa, na ndiyo sababu naandika barua hii nikiwa na meno yote.

Wiki tatu nilizama. Nikipiga magoti ubao unashuka, maji yananifika tumboni, nimepiga magoti baharini kama mtu anayeungama. Nikisimama unageuka ubavu. Lile bawa kubwa likaburuza ncha zake kwenye maji, linajikunja, linanipiga kidevuni. Mama anayekaanga mihogo pale ufukweni akawa ananiuliza kila jioni, "Mwanangu, leo nikuandalie chai au umeshashiba?" Zuhura alipita karibu yangu juu ya maji, akanipungia mkono. Yeye anajua kupunga kwa namna inayouma.

Sikuacha hata siku moja. Hilo Neema lisome mara mbili.

Halafu siku moja dumu tupu la mama mihogo, limefungwa mfuniko, likabingirika mpaka majini. Nikalifuata. Nilipolifikia nikataka kulikalia kwa utani, likakataa. Nikalisukuma chini kwa mikono yote miwili, likapigana na mie kama mbuzi anayevutwa kwenda mnadani, likachomoka likanipiga kifua. Nikabaki nimesimama kwenye maji nimelikumbatia, nafikiri. Dumu moja la hewa linabeba kilo ishirini. Mie nina kilo sitini na nane, ongeza nguo zilizolowa, jaketi, bawa, na ule mguu wa chuma. Ubao wangu mweusi ni madumu manne kasoro. Ndiyo maana ukinibeba haubakiwi hata na pumzi. Mlango ni madumu sita na nusu: unanibeba mie na mizigo yangu na unabaki na nafasi ya mimi kuyumba. Ile namba si maji yanayoingia, Bibi. Ni maji yanayokataliwa.

Unadhani nilikimbia kumwambia Zuhura? Mumeo unamjua. Nilikaa na siri hiyo siku mbili, nikaendelea kuzama kwa heshima.

Siku ya tatu akaja karani mmoja kutoka Kinondoni, baba mnene wa furaha, ameshamaliza mafunzo ya mwanzo na anataka kununua vyombo vyake mwenyewe. Macho yake yakaangukia ubao mdogo unaofanana na wangu. Zuhura alikuwa mbali majini na mwanafunzi. Bi Salha akamweleza habari za lita na kilo, jamaa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku mkono wake uko kwenye ule mdogo unaupapasa. Nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mzee. Una kilo ngapi?"

"Marahaba. Tisini, na chakula cha mchana."

Nikamletea dumu tupu la mama mihogo. "Likalie kwenye maji." Akalikalia, likamtupa. Nikamwambia, hilo moja linabeba kilo ishirini zako. Sasa huo ubao unaoupenda ni madumu manne tu, umebaki na kilo kumi za kubebwa na nani, mke wako? Akacheka mpaka akakaa mchangani. Nikamweleza na mengine: mabawa ya chini achukue mapana, yanayonyanyuka mapema na kwenda polepole, bawa la juu la mita tano linatosha kwa upepo wetu huu, asiburuze ncha kama mie. Akachagua mlango wake, akaondoka akinishukuru.

Bi Salha akaniita kwenye kiti chake.

"Haya umeyajua lini?"

"Juzi."

"Na ule mweusi kwa nini uliuchagua?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia habari za kisima chetu, mwendo wake, na dumu kichwani. Mama yule alicheka mpaka akajifunika uso na ukaya wa baibui. Kisha akajifuta machozi.

"Nilisema utachagua mara moja."

"Ulisema."

"Mie neno langu silirudishi."

"Sawa, Bi Salha."

"Lakini anayetaka kufundisha lazima avijue vyombo vyote vya stoo. Kesho utaujua mlango. Hiyo ni kazi, sio kuchagua."

Bibi, mlango! Siku ya kwanza nilipiga magoti juu yake kama niko barazani kwako. Siku ya tatu nikasimama. Siku ya sita, upepo umekaa vizuri, nikalivuta bawa, ubao ukakimbia, halafu kelele zote za maji zikakatika mara moja. Nikatazama chini, nikaona bahari iko pale na mie siko ndani yake. Nilikaa juu kwa muda wa kusema "Baba yetu uliye mbinguni", sikufika "jina lako", nikaanguka kifudifudi. Nilitoka nimejaa maji puani na kicheko. Zuhura alipiga makofi, mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa nikuambie la Alhamisi, maana hapo ndipo ilipo kesi. Nilimwambia Bi Salha niko tayari. Nikatoka kwenye bendera, nikapaa, nikalizunguka boya, nikageuka. Kurudi nako nikapaa, najisikia rais. Kumbe muda wote upepo unanisukuma pembeni na mie natazama miguu yangu. Nikatua ufukweni mbali kabisa, bendera naiona ndogo kama kijiti cha kiberiti. Nikaubeba mlango kichwani, bawa begani, nikarudi natembea.

"Nilisema bendera," Bi Salha akasema.

"Si nimefika bendera?"

"Kwa miguu."

Basi, kazi sijapata. Ningeweza kukudanganya, Neema ni shahidi kwamba naweza. Zuhura anasema tatizo langu ni macho: nitazame kule upepo unakotoka, nikate kwa kona kwenda na kurudi, nisikubali kusukumwa. Kusi bado lina wiki kadhaa. Huenda nikaweza wiki ijayo. Huenda likakatika nikiwa bado napanda ufukwe kwa miguu, nikakosa huku na kwa Baba mdogo nikakosa pia.

Pamoja na hayo, sirudi. Naandika nikiwa sina uhakika, ili usije ukasema nilingoja kwanza mambo yaninyookee. Mwambie Baba mdogo ile nafasi ampe kijana wa jirani, anaitaka na ana mke. Mie mashine ile nimeiweza tangu darasa la saba, na hilo ndilo linalonitisha: nitaiweza kila siku mpaka nizeeke. Hiki cha huku sikiwezi bado, na kila asubuhi nikiamka nakitaka.

Najua ulitoa neno kwa ajili yangu, na wewe si mtu wa kutoa neno ovyo. Usimwambie umebadili nia. Mwambie Elia amelivunja neno la bibi yake, na aibu ni yake Elia. Ukiwa na hasira, kasirika kwa karatasi, Neema aandike kila kitu hata matusi. Nitasoma yote bila kuruka.

Nisalimie Baba mdogo mwenyewe, umpe shikamoo yangu kabla hujampa habari. Nisalimie mama mkubwa wa kwaya, na mwalimu aliyeniambia hesabu haitanisaidia mbele ya safari. Mwambie nilimgawa karani kwa ishirini na jibu likapatikana. Mtoto wa Neema umbusu, maana mie huku nanuka chumvi.

Kwenye sala zako usiniombee upepo, huku upo wa kutosha. Niombee nikate kona vizuri, nitue pale pale nilipotokea.

Ni mimi mumeo niliyekukosea leo na sijutii,
Elia