Uziwi wa Kwetu na Kazi ya Rukia

Jumatano, Machi 1986. Shella, Malindi.

Joto la leo halina adabu, na mimi nimeamka na hasira zangu, basi tumekutana.

Niandike kabla sijajidanganya. Leo nimeharibu saa ya mtu. Mwalimu Kamau, mtu wa bara anayefundisha hapa mjini, aliniletea asubuhi nimbadilishie mkanda. Mkanda tu. Kwa mazoea ya miaka thelathini ya ufundi, nikaitia sikioni kwanza. Kimya. Haina mshale wa sekunde, kwa hiyo hakuna kilichonikanusha. Nikasema maskini, imekufa hii. Nikaifungua, nikaingiza koleo, na hapo ndipo nilipoliona gurudumu linacheza. Nimeshachelewa. Springi yake, nyembamba kama unywele, imenasa na kupinda.

Saa ilikuwa inatembea. Lililokufa ni sikio langu.

"Fundi, mimi nimeleta mkanda!" Mwalimu alipiga kelele, na hiyo wallahi niliisikia vizuri. Nikamwambia springi ilikuwa na kutu. Springi nitamtafutia nyingine, lakini uongo ule nitautengeneza kwa koleo gani?

Kwetu tumezoea kusingizia. Baba alikuwa fundi saa, na alipofika hamsini, ukitaka akusikie sharti umshike bega. Tukasema saa zimemla masikio. Ami yangu alikuwa mwashi, tukasema nyundo. Shangazi hakuwa na kazi ya kelele, tukasema amepatwa na jicho la hasidi. Kila mtu na sababu yake, ilimradi isiwe damu.

Mwezi jana nilikwenda hospitali na dada yangu Fatuma wa Gongoni, ambaye hajashika saa maishani mwake, kazi yake mahamri. Daktari akatupima sote wawili, akauliza habari za wazee wetu mmoja mmoja. Akatwambia tuache kutia masikioni mafuta ya kitunguu thaumu. Huu ni uziwi wa uzee, na koo nyingine huwajia mapema kwa sababu wanarithishana. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Dawa hana. Nikamuuliza, na watoto je? Akasema huenda wakarithi, huenda wasirithi, hakuna ajuaye.

"Baba hakutuachia shamba, katuachia hili!" Fatuma akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mimi sikucheka.

Binti yangu ni mmoja tu, Rukia. Tangu mwaka jana anaunganisha simu kule Kilifi, anakula kwa masikio yake. Na nani aliyemwombea kazi ile? Nani aliyevaa kanzu yake ya Idi akaenda kusubiri mlangoni kwa wakubwa siku nne? Mwezi mzima huu namlaumu baba kwa kunikalisha kwenye meza ya saa ilhali masikio yake mwenyewe yanakwenda, kumbe na mimi nimefanya yale yale. Nataka ajifunze kazi ya pili angali kijana, basi. Mke wangu hataki kusikia. Ati nisimchurie mtoto nikamtia mkosi, hajaolewa bado, nani atakayeleta posa kwenye ukoo wa viziwi? Nimechoka na kuficha ficha huku!

Baada ya alasiri nikafunga duka, nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikampigia Rukia kazini kwake. Akapokea mwenyewe. Nikamwambia alivyosema daktari. Ya babu yake nikasema, ya shangazi yake Fatuma nikasema, na kwamba nataka ajifunze kushona au kupiga chapa. Yangu mimi nikayaruka.

Halafu akaanza kusema, akasema kwa kirefu. Sauti yake nyembamba tangu utotoni, na simu inazidi kuichuja. Sikupata hata neno moja. Sijui alikuwa analia, sijui ananipoza, sijui ananilaumu. Na mimi, mwoga wa kutupwa, nikawa naitikia tu: "Sawa, mwanangu. Sawa." Mpaka simu ikakatika.

Nimekubali nini, Yarabi?

Kesho duka halifunguliwi. Napanda basi la kwanza la Kilifi, nikae mbele yake nimtazame midomo, nimwambie neno ambalo sijamwambia mtu yeyote: rudia, mwanangu, baba yako hasikii.