Betri ya Friji la Chanjo

Kliniki ya Tonuari,
Bougainville ya Kati,
11 Agosti 2002.

Mpendwa mdogo wangu Agatha,

Hujambo, mama? Shemeji Festus na watoto hawajambo? Tumesikia Honiara nako hakujatulia. Tunawataja katika kila rozari. Sisi huku tu wazima. Mama kapona mguu, karudi kwenye shamba lake la viazi, na hakuna awezaye kumzuia.

Mwili mzima, lakini moyo umepigwa na kitu kizito.

Unajua tulivyoifurahia kliniki hii. Ulipokimbia kwa mtumbwi uliacha hapa majivu na nguzo mbili. Miaka yote ya vita watoto walizaliwa na kufa bila kuona sindano. Sasa serikali inafungua kliniki moja baada ya nyingine, toka Buka hadi huku milimani, nasi tukaletewa friji la chanjo la umeme wa jua, pamoja na betri yake. Mjomba Blasius ndiye aliyehangaika mpaka tukalipata. Tangu aache ukamanda na kusalimisha bunduki yake, amebeba mbao za kliniki kwa bega lake mwenyewe. Watu wanamsikiliza yeye kuliko padri.

Mwezi wa tano niliwachanja watoto surua, wetu na wa Borumai, bonde la pili, wale tuliopigana nao. Bibi Monika wa Borumai alinikazia macho: "Nesi, hii si sumu ya kutumalizia?" Nikacheka, nikamwapia. Akanipa mjukuu wake, Josefa, awe wa kwanza.

Mwezi wa saba surua ikaja. Josefa akafa.

Nilikwenda msibani nikiwa sielewi. Chanjo hukataa kwa mtoto mmojammoja, lakini hawa walikuwa wamelala nyumba kwa nyumba, macho mekundu. Nimeketi na wanawake jikoni, mmoja akasema, kwa kutaka kunifariji tu, "Wewe na mjomba wako ni watu wema. Ile karamu ya upatanisho, taa na muziki siku tatu! Bila betri ya kliniki tungecheza gizani."

Agatha, hapo ndipo nilipoelewa. Wakati wa karamu, kabla sijachanja, mimi nilikuwa Buka kuchukua sindano. Niliporudi friji lilikuwa linanguruma, baridi kama kawaida. Na chanjo iliyoharibiwa na joto haigeuki rangi wala harufu. Niliwadunga watoto maji.

Nilimkuta Mjomba anatafuna tambuu. "Mjomba, ulichomoa betri ya friji?"

"Siku tatu tu, mwanangu. Nikairudisha. Kwani kuna nini?"

Kwani kuna nini! Nilipomweleza, tambuu ilimdondoka mdomoni. Akakaa chini palepale penye matope. "Usiseme," akaninong'oneza. "Borumai wakijua, watasema tumeua tena. Vita vitarudi."

"Tukinyamaza, watasema sindano ndiyo iliyoua, na hakuna mama atakayeleta mtoto tena, bonde hili wala lile. Sema wewe, Mjomba, au nitasema mimi."

"Utanianika mbele za watu, mimi niliyekulea?"

Nikamjibu ndiyo. Sijawahi kumjibu hivyo maishani.

Mwishowe alikwenda Borumai, mimi nyuma yake, na nguruwe na mikufu ya simbi ya kulipa fidia. Vijana wa Borumai walisimama na mapanga. Alisema yote bila kujitetea. Bibi Monika akainuka, akampita yule nguruwe kama hamwoni.

"Rudi na mnyama wako. Mtoto wangu halipwi kwa nyama. Hilo kasha la barafu la chanjo, nani hulibeba kutoka barabarani?"

"Vijana," Mjomba akajibu.

"Sasa utalibeba wewe. Na kila nyumba utakayofika, sema kwanza ulichofanya. Kwa mdomo wako."

Nilidhani atakataa, mtu mwenye hadhi ile. Wiki iliyopita chanjo mpya ilifika kutoka Arawa. Akalifunga kasha mgongoni, akapanda mlima, na mlango kwa mlango akasema, "Ni mimi niliyeiharibu ile dawa." Mmoja alimtemea mate. Wengine walimfungia milango. Lakini wengine walitoka na watoto. Bibi Monika alimleta mdogo wa Josefa, akamweka mapajani mwa Mjomba. "Mshike vizuri, asiruke." Mtoto alilia. Mjomba alilia kumshinda.

Sijui kama Borumai wamesamehe. Nadhani bado. Mjomba hali chakula vizuri, na mimi naye hatuongei sana.

Nisalimie Shemeji, na Klara, na shangazi Dorotea ukimwona sokoni. Mama anawabusu wote. Mungu aliyewavusha bahari ile awafunike.

Na mwanao mdogo, Rafaeli, mpeleke achanjwe wiki hii hii. Ukifika, kabla hujautoa mkono wake, uliza friji lao linalindwa na nani. Wakikucheka, waache wacheke.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata bahari ikitutenga,
Lucina