Buabua wa Ntinyari na Kiondo cha Bundi

Githongo,
Meru.
14 Julai 2024

Mpendwa Ntinyari,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. U hali gani huko kisiwani? Unakula vizuri? Sisi tuko salama, isipokuwa baridi ya Julai ambayo unaijua: nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kalamu. Nyanya yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa.

Picha ulizompa bwana wa mashua azitume zilifika. Tumezikodolea macho mpaka zimejaa alama za vidole. Nina maswali. Hao buabua, ndege wako wa baharini, wanatagaje juu ya mchanga mtupu, bila hata kijiti? Na kwa wingi huo, kila kinda anamjuaje mama yake? Nyanya anauliza unajisaidia wapi ukishaingia kwenye hicho kibanda cha kujifichia tangu alfajiri. Mimi sikumtuma, lakini jibu na hilo.

Sasa jambo lenyewe. Wazee wamepanga ndugu yako Bundi apeleke mahari kwa akina mchumba wake Njoki, kule Karurumo, mwezi wa nane. Ndio wakati huohuo uliosema mayai yataanguliwa. Wewe ni dada yake wa pekee, na nyumbani kwetu kiondo cha kwanza cha mahari hubebwa na dada. Uliniandikia kwamba ukiondoka kabla makinda hayajaruka, kazi ya msimu mzima imepotea, maana hakuna wa kukushikia kamera. Lakini nilitumwa nikuite, nami nikaona ndege ni ndege tu.

Kabla sijaandika, nilienda kupunguza machipukizi ya kahawa. Kati ya matawi ya shina moja nikakuta kiota cha wale ndege wa mkia mrefu wanaotumalizia matunda. Mama mtu aliniruka usoni akaacha mayai, na manyunyu yakawa yanayaangukia. Nikayaonea huruma, nikafanya kama tunavyofanya na miche kitaluni: nikayajengea paa la majani ya mgomba, nikalifunga kwa kamba. Nilijipongeza sana. Ndege aliporudi akaona nyumba mpya, akakataa kuingia. Alikaa kwenye ua akilia, mayai yakipoa.

Niliona aibu, Ntinyari. Ndipo nikakumbuka ulivyoandika kwamba kazi yako kubwa si kupiga picha, bali ni kukaa kimya mpaka ndege wasahau kwamba upo. Nikang'oa majani yote, nikaingia zizini, hapo kando ya kahawa, nikawa nachungulia kati ya mbao huku ng'ombe akinilamba mgongo. Nilitamani kutoka nikaguse mayai kama yangali na joto. Sikutoka. Mwishowe alirudi, akayageuza kwa mdomo, akakaa. Nililia, nisikufiche.

Nilimpiga picha kwa simu nikaenda kuisafisha hapa sokoni, nimekuwekea humu. Usinicheke. Hicho kitu cheusi kushoto ni sikio la ng'ombe. Ndege ni huo mkia.

Mume wangu Kobia amenuna kwa kuwa nimekataza mtu kugusa mstari huo wa kahawa. "Sasa Gatakaa, siku hizi tunapandia ndege kahawa?" Lakini jana nilimkuta zizini amebana jicho kwenye ufa, na haikuwa saa ya kukama.

Nyanya ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Kwani hizo mayai za huko haziwezi ngoja mahari?" Nikampeleka zizini polepole na fimbo yake, nikamkalisha juu ya ndoo. Alitazama mpaka paji la uso likagusa ubao. Kisha akasema, "Wacha huyo mtoto amalize."

Bundi anakusalimu. Ameumia kidogo, sitakudanganya, lakini anataka picha ya kinda akiruka, aitundike sebuleni kwake. Kobia anakusalimu pia, na binamu yako Kinyua anauliza kama buabua huliwa. Mungu akutunze, na upepo wa bahari usikuangushie kibanda.

Kwa hiyo usije. Kaa hapo mpaka wa mwisho aruke. Kiondo chako nitakibeba mimi, na wakiniuliza kule Karurumo dada wa Bundi yuko wapi, nitawaambia yuko kisiwani, analea.

Ni mimi akupendaye siku zote,
Shangazi Gatakaa