Gasketi ya Bei Rahisi

Jumapili usiku

Bado nina hasira. Kaka yangu Saitoti amefunga turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, kwenye gari lake kuukuu, halafu akanunua gasketi, ule utando wa kuziba maungio ya injini, ya bei rahisi kuliko zote Kitengela. Nilimwonyesha kitabu cha injini: ukiweka turbo, weka gasketi ya chuma, la sivyo injini itachemka na kuzima njiani.

"Wewe profesa, vitabu havikazi bolti," akasema. Fundi wake akacheka. Nami nikafunga kitabu changu.

Lakini kesho anataka kumpeleka Mama kliniki Kajiado kwa gari hilohilo. Mama na presha yake, akwame juani huko katikati ya...

Nimeficha ufunguo wa gari nyuma ya kamusi yangu. Humu nyumbani hakuna mwingine anayeigusa kamusi hiyo.