Pini ya Chekeche Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi 1997

Pini ya chekeche namba tatu imekatika tena. Mara ya tatu tangu Krismasi! Na leo haikukatika bure. Ule mkono wa chuma unaotikisa chekeche la chai ulichomoka ukampiga Gekara, opareta wetu. Umemvunja mkono wa kulia. Nilimkuta ameketi sakafuni, vumbi la chai nywele nzima, akaniambia, "Chepkurui, zima mashine kwanza." Nikazima. Ndipo akalia.

Jumanne, 4 Machi

Meneja anasema makosa ni ya Gekara – ati alijaza majani kupita kiasi. Kikao ni Jumatano ijayo. Akishindwa, kazi imeisha, na nyumba ya kampuni anaacha. Bonareri, mke wake, ana mtoto wa miezi miwili.

Nilimuuliza Mzee Zacheus, fundi mkuu, kama anaamini hayo. Akasema majani mengi yanaweza kukata pini. Lakini hakuniangalia. Mzee Zacheus! Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, wengine wakisema karakana si mahali pa msichana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekumbuka diski zangu! Mwalimu wa politeknik alininakilia programu moja: unachora mashine, unaiendesha kwenye skrini, halafu unaiuliza kila kiungo kinabeba nguvu kiasi gani. Priscillah, sekretari, amenipa kompyuta ya ofisi saa ya lunch.

Nimechora gurudumu, mkono, pini, na chekeche la kilo 150 likining'inia kwa vyuma vinne. Nikaweka kipimo kila kiungo. Aibu tupu! Chuma kimoja kilibeba uzito wote, vitatu vikaonyesha sifuri. Priscillah akauliza kama hivyo vitatu viko livu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa. Mchoro ni wa upande mmoja tu, vyuma viwili vinatosha. Nikiweka vinne kompyuta haijui mzigo impe nani. Nimebakisha viwili – vikagawana sawasawa.

Bado mstari unaoonyesha nguvu ya pini kwenye skrini ulikuwa unarukaruka ovyo. Hatua za hesabu, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, ni kubwa mno. Nikazipunguza. Kompyuta ikawa pole pole kabisa, Priscillah akaanza kuangalia saa, lakini mstari ukatulia. Unapanda, unashuka, unapanda. Mzuri! Nilitaka kuimba.

Jumatatu, 10 Machi

Mizunguko 300 kwa dakika, kama kitabu cha mashine kinavyosema: pini inabeba nyutoni 3,700. Nikaongeza kilo kumi za majani. 3,950. Basi! Hiyo haikati pini hata kidogo.

Sasa ni nini? Nikashuka na tepu. Puli ya mota, lile gurudumu linalovuta mkanda, mashine namba mbili: inchi tano. Namba tatu: inchi saba.

Nikarudi mbio. Puli ya inchi saba inafanya mizunguko 420. Nyutoni 7,260! Karibu mara mbili. Hata msokoto kwenye shafti, chuma kinachozungusha gurudumu, ni karibu mara mbili. Gekara hakufanya lolote.

Lakini puli haijibadilishi yenyewe. Na hapa kiwandani anayebadilisha puli ni mtu mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwonyesha Mzee Zacheus karatasi ya hesabu hizi. Akaishika mbali na macho, kisha karibu. Akasema kompyuta haijawahi kushika spana.

"Sawa, Mzee. Pini ya namba mbili imekaa miaka mingapi?"

Akajibu: "Sita."

Akaketi juu ya debe la grisi. Akasema Novemba majani yalikuwa yanatushinda, Meneja akamwambia aongeze mwendo, akaongeza. Hakufikiria pini. Alipoona mkono wa Gekara, akafikiria. Amebakisha mwaka mmoja astaafu.

Nikamwambia kesho nitasema. Akanirudishia karatasi: "Sema, msichana wangu. Lakini sema vizuri, wasikuchanganye."

Ningeona afadhali kama angenigombeza.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Tumetolewa nje!

Gekara alikuja na plasta, Bonareri na mtoto nyuma. Nilieleza yote. Meneja akasema mchoro wa kompyuta si ushahidi, hata watoto wanachora. Nikasema, rudisha puli ya inchi tano, kisha hesabu pini zitakazokatika. Yule mama aliyetumwa kutoka makao makuu, Bi. Rachael, akauliza ya inchi saba iliwekwa na nani.

Nikaangalia sakafu. Nilishindwa kumtaja.

Kiti kikasogea. "Ni mimi," akasema Mzee Zacheus. "Niliambiwa na Meneja, lakini mkono ni wangu. Huyu kijana Gekara hana makosa."

Meneja akaanza kuongea kwa sauti kubwa. Bi. Rachael akamwinulia mkono, akasema tungoje nje wote, isipokuwa yeye Meneja.

Dakika ishirini sasa. Bonareri amenipa mtoto nimshike, ndiyo maana mwandiko ni huu. Gekara ametabasamu mara moja. Sauti ya Meneja imeshuka. Ya Bi. Rachael inasikika: amri hiyo ilitolewa Novemba tarehe ngapi? Iliandikwa wapi?

Haikuandikwa popote.

Mzee Zacheus amesikia pia. Amevaa miwani. Ananiomba karatasi moja ya daftari hili, na kalamu. Anasema tarehe anaikumbuka, anataka kuiandika na kuweka sahihi kabla hatujaitwa. Nachana ukurasa. Kalamu ndiyo hii, wacha nim—