Mwaka Muzima Bila Kuonja Pombe Yangu

Lushebere, siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyamaza tangu saa nane, lakini mulima wa ng'ambo bado umejifunika wingu. Miguu yangu iko na matope mpaka kwenye magoti, na moyo wangu mwepesi kabisa.

Nimekaa kwenye kizingiti naandika kabla giza haijaingia na telefone haijazima. Binti yangu Mapendo, aliyenifungulia ukurasa huu, aliniambia, "Mama, andika tu vile unasema." Amenizoesha vibaya. Sasa kila jambo likinipata naona lazima niliweke hapa, na la leo siwezi kulala nalo peke yangu.

Leo nina kiburi.

Naandika neno hilo nikijua vizuri katekista wetu angeninyooshea kidole gani. Lakini hapa si mahali pa kudanganya. Kudanganya, mutaona, nimekufanya vya kutosha mwaka huu.

Nianzie Jumatano. Mimi nakamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na Jumatano ilinikuta kwenye baraza na marafiki wangu wawili wa kila wiki, Papa Hangi na Mama Sifa. Walikuja kunywa kidogo, mvua ikawafungia kwangu. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuwa ya mawe, na upepo ulikuwa unalaza migomba kama muntu anayelaza nyasi kwa mukono.

Papa Hangi alisema mawe ya leo iko kama mayai ya kuku. Mama Sifa akachungulia inje, akaangalia yale mawe yanavyoruka kwenye matope.

"Kuku gani, Papa Hangi? Wa kwako njo wanatagaka madogo vile?"

Tukacheka mpaka Papa Hangi mwenyewe. Akamulipizia kwa kumukumbusha yale manjanja matatu, mabati ya paa la kanisa, ambayo upepo wa wiki iliyopita uliyang'oa ukayatupa katika shamba la viazi la Mama Sifa. Mpaka leo hajayarudisha.

"Nitarudisha," Mama Sifa akasema. "Lakini korali ije kuyachukua ikiimba. Siwezi kubebea Mungu vitu bila wimbo."

Vile njo tunavyopitisha mvua kwetu. Tunasema nani amezaa, ngombe ya nani imeanguka bondeni, barabara imekatika wapi. Halafu maneno yanarudi kwenye pombe, kwa sababu iko mikononi.

Papa Hangi alikuwa na habari kubwa. Leo, siku ya posho, wakwe wake walikuwa wanakuja kutoka Pinga, kule Walikale, kuleta mahari ya binti yake Neema. Akasema kwake hakutakuwa kasiksi. Ameagiza bia ya chupa kutoka Goma, kreti juu ya kreti. "Wasirudi kwao wakasema tuliwapokea na maji ya ndizi."

Alisema hivyo kikombe changu kikiwa mukononi mwake. Nilijifanya naangalia mvua.

"Umefanya vizuri," Mama Sifa akamuambia. "Kasiksi ya Mama Mapendo iko na maji."

Hayo maneno anayasema kila wiki, na kila wiki anamaliza kikombe. Sina hasira naye. Zamani yeye njo alikuwa mukamuaji wa hapa, watu wakitoka mbali kwa ajili ya pombe yake. Tulipokimbia vita, mutumbwi wake wa kukamulia, ule mugogo uliochongwa na baba yake, ulikatwa ukawa kuni. Wa kwangu ulipona kwa sababu ulikuwa umelala kichwa chini nyuma ya nyumba, majani yameufunika. Tuliporudi nilimuambia tukamue pamoja. Alikataa. Kila muntu na mutumbwi wake, alisema. Basi anakuja, anakunywa, analalamika.

Sasa niungame jambo ambalo hata yeye hakulijua.

Tulipokuwa kambini, chini ya hema, nilimuambia Mungu hivi: nikirudi nikute migomba yangu imesimama, mwaka muzima mudomo huu hautaonja pombe. Nilirudi. Nyumba haikuwa na mulango wala dirisha, lakini migomba ilikuwa imesimama yote, mingine na mikungu. Nilipiga magoti katikati yake nikalia. Tangu siku hiyo sijameza pombe hata tone. Zimebaki wiki tatu mwaka utimie.

Sikumuambia muntu. Niliogopa. Mukamuaji asiyekunywa pombe yake, nani ataiamini? Kwetu anayekupa kinywaji anakunywa kwanza, mbele ya macho yako, halafu anakupatia. Hatulisemi, tunalifanya tu. Kila familia hapa iko na hadithi yake ya sumu, ya kweli ao ya kutungwa, na hakuna anayetaka kuongeza nyingine.

Basi nilifanya nini mwaka huu wote? Nilikuwa naweka murija kati ya midomo, nafunga macho kama muntu anayesikia utamu, nashusha pumzi, halafu natoa kibuyu. Midomo ilikuwa inalowa. Kinywa kilikuwa kimefungwa. Niliambia moyo wangu kwamba Mungu anaangalia ndani ya kinywa, na watu waangalie inje yake, kila upande utapata haki yake.

Na pombe nilikuwa naipimaje bila kuonja? Kwa sikio. Nikishaivisha ndizi ndani ya shimo siku tano, nikazikamua na nyasi, nikamwaga unga wa mutama uliokaangwa na kufunika na majani, nakuja kuinama juu ya mutumbwi nasikiliza. Siku ya kwanza inanong'ona kama wamama wa benchi ya nyuma wakati wa mahubiri. Siku ya pili inabishana. Ikianza kutulia, neno moja, kimya, neno moja, kimya, hapo njo naitoa. Mwaka muzima sijakosea mara moja. Hicho ni kipande cha kwanza cha kiburi changu.

Alhamisi asubuhi habari ikafika: mulima umeanguka juu ya barabara, na kamio, gari kubwa iliyopakia kreti za Papa Hangi, imebaki upande wa Goma. Njia ya upande wa Pinga ilikuwa ingali inapitika, kwa hiyo wakwe watafika, bia haitafika. Niliwaza atakuja saa ngapi. Alikuja kabla ya saa tatu, kofia mukononi.

"Mama Mapendo," akasema, "zile ndizi zako ziko bado ndani ya shimo?"

"Zile za maji?" nikamuuliza.

Aliangalia chini. Nilimuhurumia, tukaanza kazi. Tulikamua mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, na mutumbwi ukajaa.

Leo saa tano wageni wakafika. Pikipiki sita. Kule karibu na mutoni matope yalikuwa yamezishinda, wakazibeba mabegani kama maiti, na mbuzi wawili wakitembea mbele kama wenye sherehe. Walileta na asali ya porini. Tukawapa maji ya kunawa, na kwanza, kama kila mahali, tukazungumza mvua. Wao wakasema ya kwao Pinga ni kubwa zaidi. Papa Hangi akasema hapana, ya hapa iko na mawe. Wakasema mawe ni kitu kidogo, kwao upepo umechukua muti pamoja na nyani wake. Kila upande ulitetea mvua yake, na nikaona ndoa hii itakuwa nzuri, kwa maana wanajua kudanganya kwa adabu.

Musemaji wao alikuwa Muzee Kalinda, baba mukubwa wa kijana anayeoa. Muntu mufupi, macho ya muwindaji. Anaangalia kitu mpaka kile kitu kinajisikia vibaya.

Bia ya chupa ingekuwa rahisi. Chupa inafunguliwa mbele ya mugeni, imekwisha. Kasiksi inataka aliyeikamua. Waliniita. Nilipiga goti mbele ya Muzee na kibuyu kikubwa, nikaweka murija mudomoni, nikafunga macho, nikashusha pumzi kama kawaida yangu. Nikamunyooshea.

Hakupokea.

"Mama," akasema polepole, "koo haikutembea."

Hakusema kwa ukali, na hilo njo liliniogopesha. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye paa. Kijana mumoja wa kwao akasimama akachukua kofia yake ya pikipiki. Neema alikuwa mulangoni katika kitenge kipya, ananiangalia mimi, si muntu mwingine.

Nilijua wanaona nini. Mwanamuke anayewapa wageni pombe ambayo yeye mwenyewe anaogopa kuimeza. Mwaka muzima nilikuwa najiona mwerevu, kumbe nilikuwa nazoea kufanya kile hasa ambacho mwenye sumu angefanya.

Murija ulikuwa bado mukononi. Fundo moja tu, na yote ingetengenezeka. Nani angenilaumu? Nilishaukaribisha mudomoni tena. Niandike ukweli: nilikuwa nimeshafungua midomo.

Halafu nikaiona ile migomba, vile niliikuta siku ile imesimama.

Nikashusha murija. "Muzee," nikasema, "haikutembea. Iko mwaka sasa haitembei." Nikasema yote, kambi, ahadi, wiki tatu zinazobaki, na ule udanganyifu wangu wa kila mara ninapouza.

"Na sisi tunakunywaka kila wiki," Papa Hangi akanong'ona, kama muntu anayehesabu vidole vyake.

Muzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Ahadi yako na Mungu naiheshimu, Mama. Sitakuomba uivunje. Lakini haijaniambia kile kiko ndani ya kibuyu."

Alikuwa na haki. Bwana wangu wa ndoa angeionja mahali pangu, lakini yuko Karuba na ngombe. Nilibaki juu ya magoti yangu.

Hapo njo nikasikia kitenge kinafungwa upya nyuma yangu. Mama Sifa alitoka kati ya wamama, akapita mbele ya wageni bila kuharakisha, akaninyang'anya kibuyu. Akainua shingo ili kila muntu aone, akavuta. Koo ikatembea. Ikatembea tena. Niliihesabu mara saba. Akafuta mudomo na mukono.

"Muzee," akasema, "mwaka muzima niko nakunywa pombe ya huyu mama na kumutukana. Nimemuambia iko na maji mbele ya watu wote, mpaka kanisani. Kama angekuwa na sumu, ni mimi angeanzia."

Kilichofuata ni kicheko ambacho sijasikia tangu tulipokimbia. Muzee Kalinda alicheka mpaka akashika goti la jirani. Yule kijana aliweka kofia chini. Muzee akapokea kibuyu kutoka mukono wa Mama Sifa, akanywa, akatulia, akanywa tena, akaangalia ndani ya kibuyu.

"Hii njo haikuonjwa?" akaniuliza.

"Hapana, Muzee. Niliisikiliza."

Akatikisa kichwa. Saa ya kuaga, mahari yakiwa yamepokelewa na mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba, alimuambia Papa Hangi kwamba hawawezi kurudi Pinga bila bidoni moja iliyojaa ile pombe ya sikio. Papa Hangi aliitikia kwa sauti kubwa, kama yeye njo aliyeikamua: "Kwetu bia ya chupa hatuitegemei sana." Nilimuachia. Leo ni siku yake.

Lakini kiburi changu hakitoki kwa Muzee. Tulipobaki wawili, mimi na Mama Sifa, tukiosha vibuyu, nilitafuta maneno ya kumushukuru. Hakunipa nafasi.

"Ilikuwa na maji kidogo," akasema.

Nikamuuliza kama Jumanne atakuja tukamue pamoja. Alisugua kibuyu muda mrefu. Halafu akasema mutumbwi wangu ni mufupi upande wa mbele, muntu mwenye mikono mirefu kama yeye atapata taabu, itabidi mimi nikae upande ule.

Kwa Mama Sifa hiyo ni ndiyo, na imenichukua mwaka kuipata.

Kesho ni misa. Nitasimama kwenye shirika letu, jumuiya yetu ya wakristu, niseme mwenyewe, kabla habari haijafika ikiwa imevaa nguo zingine. Na kuanzia sasa sifungi tena midomo juu ya murija. Anayetaka kununua anunue akijua, na Mama Sifa ataonja mahali pangu mpaka mwaka wangu utimie. Siku hiyo itakapofika nitaweka mirija miwili ndani ya kibuyu kimoja. Mungu wangu, sijui kama furaha hii ni dhambi. Kama ni kiburi, niachie mpaka asubuhi, halafu ukichukue wakati wimbo wa kuingia unaanza.